Kabla ya kununua globu kali, tafuta mwanga wako unapopotelea

Muuzaji wa vipuri pale Shaurimoyo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ana namna moja ya kukuuzia globu za LED za taa za mbele. Anazichomeka kwenye betri iliyo juu ya kaunta, anazielekeza ukutani, na duka zima linakuwa jeupe. Halafu anawasha globu ya halojeni iliyokuja na gari lako, ile ya mwanga wa njano, na mbele ya mwenzake inaonekana kama kibatari. Bei hutajwa baada ya hapo, na wengi hulipa bila kuuliza zaidi.

Nawaelewa kabisa wanaolipa. Anayeendesha usiku kati ya Chalinze na Segera, au kutoka Mtito Andei kwenda Voi, anaijua hofu ya kukutana na lori bovu lililoachwa njiani, nyuma yake yamewekwa matawi ya miti tu. Anawajua watu wanaotembea ukingoni mwa lami wamevaa nguo nyeusi, baiskeli zisizo na taa, ng'ombe waliopotea zizi. Wanaopita Mikumi wanao na tembo. Na tangu Serikali ya Tanzania iliporuhusu mabasi kusafiri saa 24 mwaka 2023, barabara kuu hazilali tena. Kutaka kuona mbali zaidi usiku ni haki ya kila dereva, na sitamcheka mtu anayetoa pesa yake kwa ajili hiyo.

Lakini lile onyesho la kaunta halithibitishi chochote kuhusu kuona barabarani. Gari nyingi za mitumba tunazoendesha zina mwanga wa kutosha kwenye globu zake za kawaida. Mwanga huo unapotea kabla haujafika kwenye lami: kwenye kioo cha taa, kwenye waya, na kwenye mlengo wa taa zenyewe. Kuliwekea gari la namna hiyo globu kali ni kuacha tatizo la kwanza lilivyo na kuongeza la pili, na hilo la pili anabeba mwenzako anayekuja mbele yako.

Chukua globu ya H4, ile yenye ncha tatu nyuma, inayotumika kwenye Probox, Vitz na gari nyingine nyingi za Kijapani. Ishike kwenye shina, usiguse kioo, maana mafuta ya vidole yakibaki pale kioo kikipata moto kinachoka mapema. Ndani utaona nyuzi mbili. Ulio karibu na shina ni wa fulu, wati 60. Ulio mbele ni wa dimu, wati 55, na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma, kidogo kuliko kucha. Hicho kikombe ndicho kinachofanya dimu iwe dimu. Kinazuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya kiakisi, yaani lile bakuli la kung'aa lililo nyuma ya globu. Mwanga unapiga nusu ya juu tu, unarudishwa kuelekea chini, unaangukia barabarani badala ya kuingia machoni mwa watu. Ukisimamisha gari mbele ya ukuta, ule mstari unaotenganisha mwanga na giza umechorwa na kingo za kikombe hicho zikisaidiana na umbo la taa.

Kazi hii haivumilii makosa. Kanuni namba 37 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu globu za nyuzi za magari, inataja mahali uzi unapotakiwa kukaa kwa sehemu za milimita. Bakuli la taa limekokotolewa likitegemea uzi mwembamba unaowaka pande zote kutoka sehemu ile ile. Sasa chomeka pale globu ya LED ya dukani. Badala ya uzi, kuna vibati viwili bapa vilivyobandikwa huku na huku kwenye ubao wa shaba au alumini, na mwanga unatoka kushoto na kulia zaidi kuliko juu na chini. Bakuli linafanya kazi yake kwa uaminifu, ila limepewa kitu ambacho halikutengenezewa. Mwanga mwingi unaishia karibu na bampa, mwingine unatawanyika juu ya mstari, na ile sehemu ya katikati inayotakiwa kufika mbali mara nyingi haiongezeki, wakati mwingine hupungua.

Hapa ndipo jicho linapomdanganya dereva, na kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote. Lami iliyo mita 10 au 15 mbele yako ikiwaka sana, mboni husinyaa kwa ajili ya ule mweupe, na kilicho mita 60 mbele kinazama gizani zaidi kuliko mwanzo. Dereva anashuka kwenye gari akiwa na furaha kwamba taa zake sasa ni kali. Hajadanganya, anachokiona karibu kweli ni kikali. Ila kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukihesabu sekunde moja na nusu ya kushtuka na kukanyaga breki, halafu umbali wa kusimama kwenye lami kavu, unahitaji karibu mita 70. Mwanga ulioko mita 15 mbele hauna msaada wowote kwenye hesabu hiyo, kwa sababu chochote kilichopo pale umeshakigonga.

Boksi la globu litakuambia lumeni 20,000, lumeni ikiwa kipimo cha wingi wa mwanga. Globu nzuri ya H4 ya halojeni hutoa lumeni 1,000 hivi kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu. LED za kawaida hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati, kwa hiyo lumeni 20,000 zingehitaji wati 200, kwenye soketi iliyotengenezwa kwa ajili ya wati 60. Hesabu haikubali, na namba hiyo imeandikwa ili ununue.

Ulaya walishakutana na jambo hili mapema. Taa za zenoni, zinazowaka kwa gesi badala ya uzi, zilipoanza kuwekwa kiwandani, BMW wakiwa wa kwanza kwenye 7 Series mwaka 1991, taa hizo zilitengenezwa na kiakisi chake maalumu. Baadaye kanuni ikaweka sharti: chanzo cha mwanga kikizidi lumeni 2,000, gari liwe na mfumo wa kusafisha kioo cha taa na mfumo unaoshusha taa wenyewe gari linapobeba mzigo. Mafundi wetu wanaofunga zenoni kwenye taa za halojeni hawaweki hata kimoja kati ya hivyo viwili. Uingereza, tangu 2021, gari lililogeuzwa kutoka halojeni kwenda zenoni au LED linaanguka kwenye ukaguzi wa mwaka, isipokuwa ya zamani sana. Ujerumani ilipoidhinisha kwa mara ya kwanza globu ya LED ya kubadilishia, ya Osram mwaka 2020, haikusema funga popote. Iliidhinishwa kwa orodha ya aina za magari zilizotajwa moja moja, kwa sababu globu ile ile inayofaa kwenye taa moja inaharibu kwenye nyingine. Kwa hiyo ubaya hauko kwenye LED kama teknolojia. Gari lililotoka kiwandani na LED lina taa iliyobuniwa pamoja na LED zake. Kinachokosekana kwenye duka la Shaurimoyo ni huo upimaji wa globu hii ndani ya taa hii.

Kuna hoja ninayoisikia mara kwa mara, na ina uzito: kwamba barabara za Ujerumani zina alama na kingo za kuakisi, zetu hazina, kwa hiyo sisi tunahitaji mwanga zaidi kuliko wao. Ni kweli tunahitaji. Lakini angalia barabara zetu zilivyo: njia moja kwenda, moja kurudi, hakuna ukuta wala bustani katikati, na kando kuna watu wanaotembea. Hapo ndipo kumpofusha anayekuja kunapoua. Dereva akipigwa na mwanga mkali machoni hahitaji kupofuka muda mrefu. Sekunde tatu tu kwa ule mwendo wa kilomita 80 ni mita 66 ambazo gari limekwenda bila mtu wa kuliangalia, na yule bodaboda asiye na taa ya nyuma yuko ndani ya mita hizo. Aliye na umri mkubwa anaumia zaidi, kwa kuwa jicho huchukua muda mrefu kurudi hali yake kadiri mtu anavyozeeka, na mwanga mweupe wenye ubluu unakera kuliko wa njano hata nguvu zikiwa sawa. Halafu yule aliyepofushwa naye anakwenda dukani kutafuta kali zaidi ili asionewe. Tukienda hivi, kila mtu atakuwa amelipia taa, na hakuna atakayekuwa anaona.

Basi mwanga unapotelea wapi?

Kioo cha taa ni cha kwanza. Siku hizi si kioo bali plastiki ya polikaboneti, na jua huila taratibu mpaka inakuwa ya njano na yenye ukungu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane; Tanzania inaruhusu kwa kutoza ushuru wa ziada wa uchakavu, kwa hiyo taa zenye miaka 15 na zaidi ni za kawaida kabisa barabarani kwetu. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima jambo hili mwaka 2018 na kukuta taa zilizofifia namna hiyo zikitoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Asilimia 20. Ukiweka globu yenye nguvu mara mbili nyuma ya plastiki hiyo bado hujafika hata nusu, na ule ukungu unatawanya mwanga kila upande, ukiwemo upande wa macho ya wenzako. Kupiga msasa wa maji kuanzia ule wa kukwaruza hadi laini, kung'arisha, kisha kupaka varnishi ya kuzuia jua, ni kazi ya asubuhi moja. Hiyo hatua ya mwisho wengi wa barabarani hawaifanyi, ndiyo maana taa iliyong'arishwa kwa dawa ya meno inarudi njano baada ya miezi michache. Na kama plastiki imepasuka kwa ndani, hakuna msasa utakaoisaidia. Nunua taa nyingine.

Cha pili ni umeme. Globu ya halojeni ina tabia ambayo wenye magari wengi hawaijui: mwanga wake haushuki sawasawa na volti, unashuka kwa kasi zaidi. Globu hizi hupimwa kwa volti 13.2. Zikipata volti 12 tu, yaani pungufu ya asilimia tisa, mwanga unapungua kwa zaidi ya robo. Gereji moja ya Tabata nilimtazama fundi umeme akipima Noah ambayo mwenyewe alishaamua kununua LED. Injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa, kwenye betri mita ilisoma 14.1. Akaingiza ncha za mita nyuma ya soketi ya globu ikiwa imechomekwa: 11.9. Zaidi ya volti mbili zilikuwa zinaliwa njiani, kwenye soketi iliyokuwa imeanza kuwa ya kahawia kwa joto, kwenye ethi, yaani waya wa kurudishia umeme kwenye bodi, iliyofungwa juu ya bati lenye kutu, na kwenye swichi yenye umri wa gari. Alikwangua ethi mpaka bati likang'aa, akabadilisha soketi, akavuta waya mnene kutoka betrini kupitia fyuzi na rilei ili swichi ibaki na kazi ya kuamrisha tu. Mita ikasoma 13.4. Kutoka 11.9 hadi 13.4 ni ongezeko la karibu nusu ya mwanga uliokuwepo, kwa globu zile zile za zamani, na hakuna aliyepofushwa kwa sababu mwanga uliongezeka ukiwa kwenye umbo lake. Mwenye gari hakununua LED.

Naomba wenye magari wazoee kudai kipimo hicho. Fundi ambaye hana mita ya volti asiguse taa zako.

Cha tatu ni mlengo, na hiki hakigharimu chochote ila bisibisi na ukuta. Taa ya gari dogo iko kama sentimita 65 kutoka ardhini. Ikiwa imelengwa kushuka asilimia moja, yaani sentimita 10 kwa kila mita 10, mstari wa mwanga unagusa barabara mita 65 mbele. Ikishuka asilimia mbili unagusa mita 32 au 33. Tofauti hiyo ukutani ni sentimita 10 tu, upana wa kiganja, lakini barabarani umepoteza nusu ya uwezo wako wa kuona. Ikipanda ikawa sawa na ardhi, basi unawapiga wenzako machoni usiku kucha na wanakuwashia fulu ukidhani wana ubishi. Gari lililowahi kugongwa mbele, lililobadilishiwa springi, au lililonyanyuliwa ili lipite njia mbovu, taa zake haziko tena mahali kiwanda kilipoziacha. Kuna gari kama hilo kwenye kila mtaa.

Kuziseti, tafuta uwanja ulio sawa mbele ya ukuta, matairi yawe na upepo unaotakiwa, mtu akae kwenye kiti cha dereva, gari liwe mita 10 kutoka ukutani. Pima kutoka ardhini hadi katikati ya taa, weka alama hiyo ukutani, kisha alama nyingine sentimita 10 hadi 13 chini yake. Washa dimu, funika taa moja kwa kitambaa, zungusha skrubu iliyo nyuma ya taa mpaka sehemu ya mlalo ya mstari ikae kwenye alama ya chini. Kwa nchi zinazoendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, mstari unatakiwa kupanda kuelekea kushoto, kwenye ukingo wa barabara waliko watembea kwa miguu. Ukiona unapanda kuelekea kulia, taa hiyo imetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia na haina skrubu ya kuirekebisha. Jambo hili ni kubwa Burundi, ambako wanaendesha kulia lakini gari nyingi ni za Kijapani zenye usukani wa kulia. Kila dimu ya gari la namna hiyo inanyanyuka upande wa anayekuja, hata ikiwa mpya kabisa na globu yake ni ya kiwandani.

Na kile kigurudumu kidogo cha namba karibu na usukani, kwenye Toyota nyingi kuanzia 0 hadi 5, kiko pale kwa ajili ya mzigo. Ukijaza watu na magunia nyuma, pua ya gari inanyanyuka na taa zinanyanyuka nayo. Ongeza namba, taa zitashuka. Kwenye Probox inayobeba nyanya kutoka Ilula kigurudumu hicho kina kazi kila usiku, na wengi wanaoliendesha hawajawahi kukigusa. Ukikikuta kwenye namba ya juu gari likiwa tupu, ulikuwa unaona nusu ya barabara bila sababu.

Baada ya hayo yote, kama bado mwanga haukutoshi, globu ina nafasi yake. Nunua halojeni ya kioo cheupe kisicho na rangi, ya kampuni inayojulikana, kutoka duka unaloliamini kwa sababu bandia ni nyingi na hata ile alama ya kibali, E ndani ya duara, huigizwa. Zile zinazoandikwa asilimia 100 au 130 zaidi ni nzuri, ilimradi uelewe maana yake: asilimia hiyo hupimwa sehemu fulani ya mwanga barabarani, ikilinganishwa na kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Jumla ya mwanga haikuwa mara mbili. Wanachofanya ni kuupanga uzi kwa usahihi zaidi na kuuchoma kwa joto kali zaidi, kwa hiyo unaona mbali zaidi kidogo na globu inakufa mapema. Za kupakwa bluu ili zifanane na zenoni ziache, ile rangi inafanya kazi ya kuzuia mwanga uliokwisha kuulipia. Za wati 100 kwa 90 ziache pia, zinayeyusha soketi na kuchoma kile kiakisi mpaka kinakuwa cheusi, na hapo hata globu sahihi haitakusaidia tena. Anayesafiri porini mara kwa mara afunge taa za ziada zilizounganishwa na fulu, zizime zenyewe anapopunguza.

Askari wa usalama barabarani nao wana sehemu yao. Katika ukaguzi wa Nenda kwa Usalama ambao nimeushuhudia, taa huangaliwa kama inawaka. Ikiwaka, imepita. Hakuna anayeangalia inamulika wapi, na hilo ndilo swali lenye uhai wa mtu ndani yake. Ukuta mweupe kwenye uwanja wa kila kituo kikubwa cha trafiki, wenye mistari miwili iliyopigwa rangi mita 10 kutoka alama ya kusimamishia gari, ungetosha kuanzia. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, wanaozuia nondo hafifu na mafuta machafu ya kupikia wangeweza kuyafuata pia maboksi ya lumeni 20,000, kwa kuwa namba ya uongo kwenye boksi la taa ina madhara kama ilivyo kwenye bidhaa nyingine yoyote.

Ukibadilisha globu, badilisha zote mbili kwa pamoja. Zile za zamani, kama bado zinawaka, zifunge kwenye kitambaa kikavu uziweke kwenye boksi la dashibodi. Globu moja ikiungua saa nane usiku katikati ya Doma na Mikumi, hakuna duka lililo wazi.